Mwana Kupona, Mama Aliyeacha Wasia

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa kisiwani Pate. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alifariki mwaka 1856 na kumwachia watoto, Mwana Hashima na Muhammad. Mwaka 1858, akiwa ameugua mwaka mzima, mama huyu alimtungia bintiye utenzi wa wasia. Alimuusia kushika dini, kuwa na adabu, kuoga na kujipamba, kusafisha nyumba hata chooni, kumtunza mume kwa upole na kumsaidia mhitaji. Kisha akawaombea dua watoto na ndugu zake. Alifariki karibu mwaka 1860.

Wapenzi wanafunzi, aliugua lakini hakuacha kuwajali wake. Nasi tuanze nyumbani: usafi, huruma na kuombeana. Allah amrehemu. Amin.