Napier na Kizio cha Hesabu

Mabaharia wa kale waliijua taabu ya hesabu ndefu. Ili nahodha atambue chombo chake kilipo, ilimlazimu kuzidisha na kugawanya tarakimu nyingi, na kosa dogo la kalamu liliweza kumtupa mwambani. Aliyewapunguzia mzigo huo ni John Napier, bwana wa Merchiston karibu na Edinburgh, Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1550.

Napier hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mwenye ardhi aliyeipenda hesabu. Kwa miaka ipatayo 20 alitunga majedwali ya logi, ambayo hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na kugawanya kuwa kutoa. Kitabu chake kilitoka kwa Kilatini mwaka 1614. Edward Wright, bingwa wa hesabu za ubaharia, alikifasiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikachapwa mwaka 1616.

Mwaka 1615 Henry Briggs, profesa wa London, alisafiri hadi Uskoti kumshauri kwamba majedwali yangefaa zaidi yakijengwa juu ya kizio cha kumi. Napier naye alikwisha kuliwaza jambo hilo. Wakapatana kwamba logi ya 1 iwe 0, na ya 10 iwe 1. Mzee huyo, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofu, hakung'ang'ania jasho lake la miaka 20. Alimwachia mgeni wake kazi ya kukokotoa upya, akafariki mwaka 1617. Mwaka 1624 Briggs alitoa logi za namba 30,000, kila moja kwa tarakimu 14 baada ya nukta.

Leo kompyuta hutoa logi kwa kufumba na kufumbua. Hata hivyo, katika lugha za kompyuta kama FORTRAN na C, amri ya LOG hutoa logi asilia, ambayo kizio chake ni takriban 2.718. Mtumishi anayetazamia kwamba logi ya 1,000 ni 3, atapewa 6.908. Yampasa aandike LOG10, au aligawe jibu kwa 2.3026. Mashine haikukosea, aliyeiuliza ndiye hakutaja kizio alichokitaka. Nayo vipimo vya nguvu za tetemeko la ardhi, na vya asidi katika maji ya bahari yetu, hutegemea logi ya kumi.

Mali bila daftari huisha bila habari, wasema wahenga. Hapana shaka kwamba daftari lisilotaja kizio chake nalo laweza kuipoteza mali hiyo hiyo. Kila ofisi itoayo takwimu yafaa ieleze msingi wa hesabu zake, na iwe tayari kusahihishwa, kama alivyokuwa mzee wa Merchiston.