James Parkinson: Mtu wa mawe aliyeutambua ugonjwa wa kutetemeka

Maganzo, wilayani Kishapu, habari za mawe hazihitaji mkalimani. Mji umekua pembeni ya mgodi wa almasi wa Mwadui na kila mtu ana stori ya jiwe. Ila wachache wanajua kwamba daktari ambaye jina lake limebebwa na ugonjwa wa kutetemeka, naye alikuwa mtu wa mawe.

Huyo ni James Parkinson, aliyezaliwa Aprili 11, 1755, Hoxton, London. Baba yake alikuwa tabibu, naye akafuata kazi hiyo hiyo, akiwatibu watu wa mtaa wake. Muda wa ziada alikusanya mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na mwaka 1807 akawa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Jiolojia cha London.

Hakuwa mtu wa kukaa kimya. Aliandika vijitabu vya siasa kwa jina la bandia akitetea wanyonge. Mwaka 1794 alihojiwa na baraza la mfalme kuhusu madai ya njama ya kumuua Mfalme George III kwa mshale wenye sumu. Alitoa maelezo yake, akarudi kwa wagonjwa wake.

Mwaka 1817, akiwa na miaka 62, akatoa kijitabu kuhusu wagonjwa sita. Wengine hakuwatibu kabisa, aliwaona tu barabarani. Aliona mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia, mgongo unainama, na hatua zinakuwa fupi za haraka haraka, kama mtu anayekimbia asianguke.

Alidhani shida iko juu ya uti wa mgongo. Hapo alikosea. Mtu akitaka kunyanyua kikombe, ubongo hupanga kwanza, kisha ujumbe hushuka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Mpangilio huo huenda vizuri kwa msaada wa kemikali iitwayo dopamini. Chembe za ubongo zinazoitengeneza zikifa, mwili unakuwa mzito, unakakamaa na kutetemeka.

Parkinson alifariki Desemba 21, 1824, bila kujua hayo. Miongo kadhaa baadaye daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, akaupa ugonjwa huo jina lake. Sasa Aprili 11 ni Siku ya Parkinson Duniani.

Kwa Shinyanga na Geita, hii sio historia ya mbali. Kanda hii imeshuhudia wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Mzee anayetetemeka na kutembea kwa shida anaweza kuonekana amelogwa, au yeye ndiye mchawi, kumbe ni mgonjwa. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wengi wenye Parkinson hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Sio kila kutetemeka ni Parkinson. Kwenye machimbo ya dhahabu, moshi wa zebaki inayochomwa huharibu ubongo na unaweza kumfanya hata kijana atetemeke.

Dawa ya levodopa haiponyi Parkinson, lakini humrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea na kushika kijiko. Basi, mzee akianza kutetemeka, apelekwe hospitali kwanza. Parkinson aliona ugonjwa pale ambapo wapita njia waliona mzee tu.