ABULQASIM AZ-ZAHRAWI NA ADABU YA KUNG'OA JINO

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: Katika darasa letu hapa Garissa, baada ya sala ya Isha, alitujia kijana shavu limemvimba, gego lake la mwisho lamuuma. Mzee mmoja alimwambia aende kwa fundi wa sokoni, aling'oe usiku ule ule. Mwengine alimwambia avumilie, kwani maradhi hufuta madhambi. Sisi tuliyaona maneno yote mawili kuwa na upungufu. Jawabu la jambo hili lilikwisha kutolewa miaka elfu iliyopita na tabibu wa Kiislamu ambaye wengi katika vijana wetu hawamjui hata kwa jina. Basi tumeona ni wajibu kumtaja.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abulqasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, na nasaba yake hutajwa kuwa ni ya Ansari, watu wa Madina. Alizaliwa yapata mwaka 936 katika Az-Zahra, mji aliouanzisha Khalifa Abdurrahman An-Nasir wa Bani Umayya karibu na Qurtuba, katika nchi ya Andalusi, ambayo leo ni Hispania. Zama hizo Qurtuba ilikuwa taa ya Magharibi yote kwa misikiti yake, maktaba zake na wanavyuoni wake. Huko ndiko alikosoma, ndiko alikotibu, na huko alikufa yapata mwaka 1013, sawa na 404 ya Hijra, katika siku za fitina iliyoanza 1009 na kuuangamiza mji wa Az-Zahra. Majumba yale yakawa magofu, lakini elimu yake haikuanguka.

KITABU CHAKE

Alitibu watu karibu miaka hamsini, kisha akayakusanya aliyoyajua katika kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30, alichokimaliza yapata mwaka 1000. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji: kuchoma kwa chuma, kupasua, na kuunga mifupa. Ndani yake alichora picha za vyombo vipatavyo 200, ili mwanafunzi aone kwa jicho lake na fundi wa chuma aweze kuvitengeneza. Aliwaandikia wanafunzi wake kama baba anavyowaandikia wanawe.

Alisikitika kuwa upasuaji umekufa katika nchi yake, kwa sababu watu walishika kisu bila ya kwanza kusoma maumbile ya mwili. Alisimulia habari ya tabibu mjinga aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akamkata mshipa wa damu, na yule maskini akatokwa na damu mpaka akafa. Hakuisimulia habari hiyo kwa kusengenya. Aliisimulia ili wanafunzi wake wamche Mungu katika miili ya watu.

ALIVYOFUNZA JUU YA MENO

Katika mambo ya meno alitangulia watu wengi. La kwanza alilofunza ni kutokuwa na haraka. Jino ni kiungo chenye heshima, na likiondoka halina badala kamili. Kwa hivyo litibiwe kwa kila njia kabla ya kung'olewa. La pili, tabibu ahakikishe ni jino gani hasa lenye ugonjwa. Maumivu humdanganya mtu, akadhani ni jino zima ndilo linalomuuma, likang'olewa, na maumivu yakabaki pale pale. La tatu, ufizi utenganishwe na jino pande zote, jino litikiswe kidogo kidogo, kisha livutwe kwa kunyooka lisivunjike. Jino lililotoboka alisema lijazwe kitambaa kwanza, lisije likapondeka ndani ya koleo.

Aliwalaumu vikali vinyozi waliojipa kazi hii bila elimu. Huvunja jino wakaacha mizizi yake, au hulitoa pamoja na kipande cha taya, jambo ambalo mwenyewe aliliona kwa macho yake. Alichora vyombo vya kukwangua ukoga, na akaeleza namna ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, kwani fedha hubadilika rangi. Hata jino la badala, lililochongwa kwa mfupa wa ng'ombe, alilitaja.

Katika karne ya 12 sehemu hii ya upasuaji ilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo, na matabibu wa Ulaya wakaitegemea kwa karne nyingi. Wao waliichukua elimu yetu wakaiongeza. Sisi tuliiacha rafuni, kisha tukamrudia kinyozi yule yule aliyelaumiwa!

TUPATE NINI KWAKE?

Kwanza, gego la mwisho, ambalo Waarabu huliita gego la akili, huota kwa kawaida baina ya miaka 17 na 25. Likiota sawa na lisiumize, liachwe. Likikosa nafasi, likalala ubavu, likaoza, likadhuru jirani yake, au ufizi ukawa unafura usaha mara kwa mara, hapo huondolewa na mjuzi wa meno, kwa ganzi na baada ya kupigwa picha, kwani gego la chini huwa karibu na mshipa wa hisia wa mdomo. Baada ya kutolewa, mtu aume shashi safi. Asisukutue kwa nguvu siku ile, asivute sigara wala asitafune miraa, maana donge la damu likitoka shimoni mfupa hubaki wazi na maumivu huzidi. Siku ya pili asukutue taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Akishindwa kumeza au kupumua, au uvimbe ukishuka shingoni, asingoje asubuhi, akimbilie hospitali.

Pili, na hili ni kubwa zaidi: kuna miongoni mwetu wanaochimbua ufizi wa mtoto mchanga kwa kisu au msumari, wakidai kuondoa meno ya mbweha, ilko dacowo, yanayoleta homa na kuharisha. Ndugu zetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki. Ile si maradhi. Ni chonge changa ambayo Mwenyezi Mungu ameiumba na haijatoka bado. Mtoto anayeharisha hufa kwa kukaukiwa maji, na dawa yake ni maji ya chumvichumvi na zahanati. Kumchimba ufizi humwongezea damu kumwagika, uchafu kuingia na pepopunda, na hata akipona, meno yake ya ukubwani huharibika.

Tatu, sheria yetu imesema wazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kutafuta dawa, na akamfanya anayetibu bila kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini wa madhara anayoyaleta. Fidia ya jino moja ni ngamia watano. Enyi wenye mifugo, mwaijua thamani ya ngamia! Basi yule fundi ajiulize ana zizi gani la kulipia vinywa alivyoviharibu.

Kijana wetu alikwenda hospitali. Alipewa dawa ya usaha kwanza, na gego likatolewa baadaye kwa utulivu. Sasa huja darasani na msuaki wake mkononi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Abulqasim, na atujaalie kuwa warithi wa elimu yake, tusiwe wasimulizi wa sifa zake tu. Amin.