Mtakatifu Yeronimo na wanafunzi wake wa Roma

Karibu na mwaka 347, katika mji mdogo wa Stridon, mpakani mwa Dalmatia, alizaliwa mtoto jina lake Yeronimo. Wazazi wake walikuwa Wakristu wenye mali. Alipokuwa kijana walimpeleka Roma kusoma. Alikuwa na akili nyingi, naye alipenda mno vitabu vya waandishi wapagani. Siku za Dominika alishuka pamoja na wenzake chini ya ardhi kuzuru makaburi ya mashahidi. Katika mji huo akabatizwa.

Baadaye alisafiri mpaka Antiokia. Huko alishikwa na homa kali. Katika ndoto alijiona amesimama mbele ya Hakimu, akashtakiwa kwamba ni mfuasi wa Cicero, mwandishi wa Kiroma, wala si mfuasi wa Kristu. Alipopona alikwenda kukaa jangwani. Myahudi mmoja aliyekuwa amegeuka Mkristu alimfundisha Kiebrania. Kazi hiyo ilimshinda mara nyingi. Aliiacha, kisha akaianza tena.

Mwaka 382 Yeronimo alirudi Roma. Papa Damasus alimfanya mwandishi wake, akamwagiza asahihishe Injili za Kilatini, kwa sababu vitabu vya siku zile viliandikwa kwa mkono na havikupatana.

Juu ya kilima cha Aventino alikaa mjane mmoja, jina lake Marcella. Mume wake alikuwa amekufa miezi saba tu baada ya arusi. Hakutaka kuolewa tena. Aliwakusanya wanawake wengine nyumbani mwake ili wasali na kufunga pamoja. Aliposikia habari za Yeronimo, alimwomba aje awafundishe Maandiko Matakatifu. Yeronimo aliona haya mbele ya wanawake wakubwa wa mji, akakataa. Marcella hakuchoka kumwomba. Mwisho Yeronimo akakubali.

Wanawake hao hawakuwa watu wa kusikiliza tu. Kila mara walipokutana Marcella alikuwa na swali. Akipewa jibu, hakulipokea upesi. Alilipima, akauliza tena, si kwa kupenda ubishi, ila kwa kutaka kujua. Mwingine, jina lake Paula, alijifunza Kiebrania pamoja na binti yake Eustochium, hata wakaweza kuimba Zaburi katika lugha hiyo. Yeronimo naye alipata faida, kwa maana mwalimu anayeulizwa sana hana budi kutafuta sana.

Lakini Yeronimo alikuwa mwepesi wa hasira, na maneno yake yalikuwa makali. Aliwakaripia hata mapadri waliopenda mali, nao wakamchukia. Papa Damasus alipokufa mwaka 384, adui zake walimsingizia maovu kwa sababu ya urafiki wake na Paula. Mwaka 385 aliondoka Roma kwa huzuni. Paula na Eustochium wakamfuata.

Walikaa Betlehemu. Kwa mali yake Paula alijenga nyumba za watawa na nyumba ya wageni. Huko Yeronimo alitafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania kwa Kilatini, kazi ya miaka kama 15. Paula na binti yake walimwomba wasome naye Maandiko yote, huku akiwaeleza maana. Penye neno gumu, Yeronimo aliungama kwamba halijui. Paula hakumwacha apumzike, alimsihi aseme maana ipi inaelekea zaidi kuwa kweli.

Marcella alibaki Roma. Watu wakibishana juu ya neno la Maandiko, walimwendea, hata mapadri. Aliwajibu kwa unyenyekevu, akisema amefundishwa na Yeronimo au na mwingine. Mwaka 410 Wagoti waliuteka mji. Askari waliingia nyumbani mwake, wakampiga wakitaka dhahabu. Hakuwa nayo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwagawia maskini. Hakuomba apone yeye. Alimwombea msichana Principia, aliyekaa naye. Principia aliokoka. Marcella alikufa baada ya muda mfupi. Habari hizo zilipofika Betlehemu, Yeronimo alishindwa kuandika kwa muda.

Yeronimo alikufa karibu na mwaka 420. Sikukuu yake ni tarehe 30 Septemba. Biblia yake, iitwayo Vulgata, ilisomwa katika Kanisa kwa zaidi ya miaka elfu. Jina lililobaki juu yake ni lake peke yake, lakini hakujifunza peke yake. Myahudi alimpa lugha, na wanawake wachache waliokaa pamoja na kitabu kimoja walimpa maswali.

Maswali
1. Kwa nini Yeronimo alikataa kwanza kumfundisha Marcella?
2. Marcella alifanya nini alipopewa jibu?
3. Yeronimo alipata faida gani kwa wanafunzi wake?