Bunduki ya Mitutu Miwili ya Hayati Theodore Roosevelt

Mwezi wa Oktoba 1910 bunduki hii ilikuwa tayari imekwisha kuzunguka nusu ya dunia. Na mwezi wa Oktoba 2010, miaka mia kamili baadaye, iliuzwa kwa mnada katika jimbo la Maine, nchini Marekani, kwa dola 862,500. Ni bunduki ya marisaa, ya mitutu miwili, iliyoundwa na kampuni ya A. H. Fox ya mjini Philadelphia. Thamani hiyo ilitokana na mikono iliyoishika. Mwenyewe alikuwa Hayati Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani tangu 1901 hadi 1909, ambaye alikuja nayo Afrika ya Mashariki akafika hata kwetu Uganda. Kwa kuwa kabla ya kuwa Rais alipata kuongoza polisi na kisha askari vitani, tumeona maisha yake yawafaa ndugu zetu wa majeshi kuyajua, mema yake na mabaya yake.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya kitajiri, lakini pumu ilimsumbua tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipata bunduki yake ya kwanza, nayo pia ilikuwa ya mitutu miwili, kazi ya Wafaransa. Kijana alistaajabu kuona wenzake wakilenga shabaha ambazo yeye hakuziona kabisa. Ndipo ilipojulikana kwamba macho yake ni mabovu, akavishwa miwani. Majira ya baridi ya 1872 na 1873 alikuwa pamoja na wazazi wake katika mto Nile, nchini Misri, akipiga ndege na kuhifadhi ngozi zao. Baadaye alizitoa kwa taasisi ya Smithsonian.

Mwezi wa Mei 1895 alishika uenyekiti wa halmashauri ya makamishna wa polisi wa New York. Jeshi hilo lilikuwa limeoza kwa rushwa. Roosevelt alitembea mitaani usiku wa manane akiwatafuta askari wa doria waliolala au waliokuwa wakinywa pombe wakati wa zamu. Alikuta pia kwamba askari walibeba bastola za kila aina, na wengi hawakujua kulenga. Mwaka 1896 ikachaguliwa bastola ya aina moja kwa wote, yaani Colt ya .32, na mafunzo ya shabaha yakaanzishwa.

Vita vya Marekani na Hispania vilipoanza mwaka 1898 aliingia katika kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea. Farasi wengi waliachwa Florida kwa kukosa nafasi melini, na wapanda farasi wakapigana kwa miguu. Tarehe 1 Julai waliuteka mlima wa Kettle huko Kuba, na pamoja nao walipanda askari weusi wa vikosi vya 9 na 10. Bastola aliyoichukua siku hiyo iliopolewa kutoka manowari ya Maine iliyozama Havana. (Iliibwa mwaka 1990 kutoka makumbusho, ikarejeshwa 2006.)

Sasa twafika mahali ambapo hatuwezi kumsifu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1906, katika mji wa Brownsville, Texas, risasi zilipigwa mitaani; mtu mmoja akafa na polisi mmoja akajeruhiwa. Wenyeji waliwashutumu askari weusi wa kikosi cha 25 cha miguu. Makamanda wao, Wazungu, walieleza kwamba askari walikuwa kambini. Ushahidi mkubwa ulikuwa maganda ya risasi yaliyookotwa barabarani. Hapakuwa na mahakama. Askari walipokosa kumtaja mhalifu, Roosevelt aliwafukuza 167 kwa aibu, wengine wakiwa wametumikia miaka mingi. Mtu aliyewadai polisi wa New York nidhamu ya silaha hakutaka kujua nani hasa aliyefyatua! Jeshi la Marekani liliwasafisha mwaka 1972, karibu wote wakiwa wamekwisha kufa.

Alipotoka madarakani aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa Smithsonian. Bunduki ya Fox, zawadi ya mwenye kampuni, ilikuwa ya kupigia kanga na ndege wengine, kwa kitoweo na kwa makumbusho. Wanyama wakubwa waliuawa kwa bunduki nyingine. Baba na mwana waliua wanyama 512. Desemba walifika Entebbe, wakaenda kwa miguu kutoka Kampala hadi Ziwa Albert, na Januari 1910 wakapiga kambi ukingoni mwa Nile, katika nchi ya Lado iliyokuwa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huko waliua vifaru weupe tisa, ingawa ilijulikana kwamba aina hiyo ilikuwa haba. Askari aliyepangiwa West Nile alijua jina la mahali hapo: Rhino Camp. Jina limebaki; vifaru wa Uganda walikwisha kabisa miaka ya 1980, hata wengine wakaletwa Ziwa tangu 2005. Dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini lilikufa Kenya mwezi wa Machi 2018.

Tarehe 14 Oktoba 1912, akigombea tena urais, Roosevelt alipigwa risasi mjini Milwaukee. Mkoba wa chuma wa miwani na hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni viliipunguza nguvu. Alihutubu zaidi ya saa moja huku shati likilowa damu. Madaktari waliona ni salama zaidi kuiacha risasi humo kifuani, na alipofariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60, alizikwa nayo.