Mtawa Aliyehesabu Njegere

Kila mwaka masika yanapokaribia, wakulima wa Handeni huingia madukani kununua mbegu za mahindi chotara, na wengi wao hununua kwa kunung'unika. Hujiuliza kwa nini mbegu iliyozaa vizuri mwaka uliopita isiwekwe ghalani na kupandwa tena, kama walivyofanya wazee wao. Wako wanaosema ya kwamba ni hila ya wafanya biashara. Jibu lenyewe si hila, bali ni hesabu; na aliyeifumbua hesabu hiyo ni mtawa mmoja wa Ulaya, mwana wa mkulima, aliyefariki dunia mwaka 1884. Jina lake Gregor Mendel. Twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, kwa kuwa yawahusu wazazi wa Handeni na Korogwe kuliko wanavyodhani.

Alizaliwa mwezi Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, kilichokuwa wakati ule chini ya Dola ya Austria, na ambacho leo kimo katika nchi ya Ucheki. Jina lake la ubatizo lilikuwa Johann. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba dogo, lakini siku tatu za kila juma ilimpasa kumfanyia kazi bwana wa nchi bila ujira. Mwalimu wa kijiji alipoiona akili ya mtoto aliwashauri wazazi wamwendeleze. Alikuwa mwana wao wa kiume wa pekee, na shamba lilikuwa likimngoja; hata hivyo wakakubali. Alipofika shule ya juu mjini Troppau waliweza kumlipia nusu tu ya chakula chake.

Mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na gogo akaumia kifua, asiweze tena kazi nzito. Kijana wa miaka 16 akabaki kujitafutia riziki kwa kuwafundisha wenzake masomo ya ziada. Taabu ilimzidi, akaugua, akarudi nyumbani kulala kitandani. Hapo ndipo dada yake mdogo, Theresia, alipotoa sehemu ya mahari yake, yaani fungu la mali ambalo kwa desturi za kwao msichana hupewa na wazazi ili aolewe nalo. Kwa fedha hiyo Johann akaendelea na masomo ya fizikia na hesabu mjini Olmütz. Mwaka 1843 alipokelewa katika abasia ya Waagustino mjini Brünn, akaitwa Gregor. Hatuoni haya kusema ya kwamba umaskini nao ulimsukuma huko. Mwenyewe hakuficha jambo hilo.

Alipewa upadre mwaka 1847. Kazi ya kuwazuru wagonjwa ilimshinda, kwani kila alipoona mateso yao aliugua yeye mwenyewe. Abate wake, Cyrill Napp, mtu mwenye busara, hakumlaumu. Alimpeleka kufundisha shule. Mwaka 1850 Mendel akafanya mtihani wa serikali wa kupata cheti cha ualimu, akaanguka. Tena aliangukia somo la viumbe! Abate akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma huko toka mwaka 1851 hata 1853: fizikia, elimu ya mimea, na hesabu za kupanga na kuchanganya vitu. Mwaka 1856 akajaribu mtihani mara ya pili, akaugua katikati, akarudi mikono mitupu. Basi kwa muda wa miaka 14 mjini Brünn alifundisha fizikia na elimu ya viumbe kama mwalimu wa muda tu, na cheti hakukipata kamwe.

Mwaka ule ule wa 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya abasia. Watu wengi kabla yake walikuwa wamechanganya mbegu za mimea na kueleza yale waliyoyaona. Mendel alifanya jambo ambalo hao hawakulifanya: alihesabu. Alichukua njegere zenye punje za duara, akazizalisha pamoja na zenye punje za makunyanzi. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha duara kitupu, na makunyanzi yalionekana kama yamepotea kabisa. Alipoziacha njegere hizo zizae zenyewe, makunyanzi yakarudi. Akazihesabu punje moja moja: za duara 5,474, za makunyanzi 1,850. Akagawanya, akaona ni karibu tatu kwa moja. Alijaribu rangi ya punje, umbo la ganda, urefu wa mmea, sifa saba kwa jumla, na kila mara akapata tatu kwa moja. Katika miaka minane alichunguza mimea ipatayo 28,000.

Kutokana na hesabu hizo alifahamu ya kwamba kila mzazi humpa mtoto nusu ya kila sifa. Ya kwamba sifa moja yaweza kuifunika nyingine bila kuiua. Na ya kwamba iliyofunikwa yaweza kutokea tena kwa wajukuu.

Aliisoma kazi yake mbele ya chama cha wataalamu wa Brünn mwezi Februari na Machi 1865, ikachapwa mwaka 1866. Haikumshtua mtu. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na miaka yake ya mwisho ilimezwa na mabishano na serikali juu ya kodi ya abasia. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 ndipo wataalamu katika nchi tatu mbalimbali, kila mmoja kwa njia yake, walipofikia mambo yale yale na kukuta ya kwamba mtawa mmoja amewatangulia kwa miaka zaidi ya 30.

Na sasa turudi Handeni. Mahindi chotara hupatikana kwa kuunganisha koo mbili zilizochaguliwa kwa uangalifu. Kizazi cha kwanza hubeba nguvu za pande zote mbili, na mimea yote hufanana. Mkulima akizipanda tena punje zake, sifa huachana kama zilivyoachana katika njegere za Mendel, na shamba huwa la mchanganyiko. Elimu hiyo hiyo ilizaa katani chotara nambari 11648, iliyopatikana katika mkoa wetu wa Tanga kwa kazi iliyoanzia Amani na kuendelea Mlingano. Mmea wake hutoa majani kupita mara mbili ya katani ya zamani. Nao ulipelekwa mpaka China, ukawa ndio katani yao kuu. Lakini mashamba ya Korogwe, toka Hale hata Ngombezi, yajua pia upande wa pili. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 230,000 za katani; kisha zikaja nyuzi zilizobuniwa na wanakemia wa nchi nyingine, bei ikaanguka, na watu wengi wakakosa kazi. Anayejua hesabu na sayansi hupanga bei, na asiyejua hupangiwa.

Liko jambo jingine la karibu zaidi. Katika tambarare zetu zenye malaria wako watu wengi wazima wanaobeba urithi wa ugonjwa wa selimundu bila kujua. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana hatari moja katika nne ya kuzaliwa na ugonjwa huo. Wazazi wengi hudhani maana yake ni kwamba mmoja akisha kuugua, watatu watakaofuata wamepona. Sivyo, kila mimba huanza hesabu upya. Wengine humlaumu mama, au kumsingizia jirani uchawi, na hali baba na mama wametoa sehemu sawasawa. Kipimo cha damu kabla ya ndoa, na hesabu ndogo ya kukielewa, vingeokoa machozi na ugomvi mwingi.

Hata hivyo, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, kiasi cha mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne alifaulu hisabati. Twawasihi wazazi wasimwambie mtoto aliyeanguka ya kwamba hesabu si za ukoo wao. Mendel alianguka mara mbili. Lakini alikuwa na abate aliyemrudisha shuleni, na dada aliyetoa fungu lake. Naye hakumsahau. Alipopata uwezo aliwasomesha wana watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa waganga. Binti za Handeni na Korogwe wasiishie kutoa mali yao kwa ajili ya kaka zao. Kalamu na daftari la hesabu ni haki yao vilevile.