Tucker: Mwunda-magari aliyeshinda kesi akapoteza kiwanda

MNAMO Januari 22, 1950, jopo la raia waliosikiliza kesi katika mahakama moja ya Chicago lilimwondolea Preston Tucker na wenzake mashtaka yote ya ulaghai yaliyowakabili. Tucker alitoka akiwa huru, ila hakuwa na pa kurudi. Kiwanda chake kilikuwa kimefungwa tangu Machi 1949, na magari yaliyokwisha kuundwa hayakuzidi 51.

Leo magari hayo machache ni miongoni mwa yale yanayosakwa mno na wakusanyaji wa magari ya kale ya Marekani.

Preston Thomas Tucker alizaliwa Septemba 21, 1903, katika mji mdogo wa Capac, jimbo la Michigan. Akiwa kijana alikuwa tarishi katika ofisi za kampuni ya Cadillac. Baadaye alijiunga na polisi wa Lincoln Park, na yasemekana kilichomvutia huko si kukamata wahalifu bali kuendesha magari na pikipiki za kasi. Husimuliwa kwamba alipata kuadhibiwa kwa kutoboa gari la doria ili joto la injini limfikie wakati wa baridi kali.

Aliingia pia katika uuzaji wa magari, kisha akashirikiana na Harry Miller, fundi mashuhuri wa magari ya mashindano. Wawili hao waliunda magari yenye injini za Ford kwa mbio za Indianapolis za mwaka wa 1935. Kazi ilifanywa kwa pupa. Mitambo ya usukani ilikuwa karibu mno na bomba la moshi, ikapata joto na kukaza. Hakuna hata gari moja lililomaliza mbio. Pupa hiyo haikumtoka Tucker maishani.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Wamarekani walikuwa na kiu ya magari mapya, kwa kuwa uundaji wa magari ya raia ulisitishwa mapema 1942. Kampuni kubwa zilirejea na miundo ya kabla ya vita. Tucker aliona mwanya. Alikodi kutoka kwa serikali kiwanda kikubwa mno cha Chicago kilichokuwa kikiunda injini za ndege za kivita, akamwajiri msanifu Alex Tremulis, na kuahidi gari lisilo na kifani.

Gari hilo, Tucker 48, lilikuwa na injini nyuma na taa tatu mbele. Taa ya katikati iligeuka pamoja na magurudumu ili kumulika kona. Dashibodi ilitandikwa sponji, na kioo cha mbele kiliundwa kichomoke chenyewe gari linapogonga. Wakati wa majaribio huko Indianapolis mnamo 1948, gari moja lilibingirika likiwa katika kasi ya takriban kilomita 150 kwa saa. Kioo kilichomoka jinsi kilivyokusudiwa, na dereva akatoka na michubuko tu.

Hata hivyo, uzinduzi wa Juni 19, 1947, ulikuwa nusura uwe fedheha. Maelfu ya wageni walisubiri huku mafundi wakihangaika nyuma ya pazia na gari lililovunjika vyuma vya magurudumu. Bendi iliamriwa ipige muziki kwa nguvu ili kufunika kelele za injini. Injini hiyo ilitupiliwa mbali baadaye, nafasi yake ikachukuliwa na ile ya helikopta ya kampuni ya Franklin, iliyogeuzwa ipozwe kwa maji.

Fedha ndizo zilizomponza. Mbali na kuuza hisa, Tucker aliwauzia wateja redio na vifuniko vya viti vya magari ambayo hayakuwa yameundwa bado. Haki ya Mungu, mtu yeyote angeshuku. Tume inayosimamia masoko ya hisa ilianza uchunguzi, na habari zilipotangazwa redioni Juni 1948, bei ya hisa iliporomoka na wakopeshaji wakajitenga. Wafuasi wake wangali wanaamini kwamba kampuni kubwa za Detroit, zikisaidiwa na wanasiasa, zilimchimbia kaburi. Jambo hilo halijathibitishwa. Lililo wazi ni kwamba upande wa mashtaka uliwaita mashahidi wengi, nao mawakili wa utetezi hawakuita hata mmoja.

Tucker hakukata tamaa. Alikwenda Brazil akitafuta kuunda gari jingine, lakini kansa ya mapafu ikamuua Desemba 26, 1956, akiwa na umri wa miaka 53.

Mali ya kiwanda ilipigwa mnada, lakini magari mengi yamesalimika. Kuyakarabati ni kazi ngumu, kwa sababu karibu kila moja linatofautiana na jirani yake: baadhi yalifungwa giaboksi kuukuu zilizotolewa katika magari ya Cord, mengine yakapata zilizoundwa upya. Januari 2012, gari nambari 1043 liliuzwa mnadani Arizona kwa zaidi ya dola milioni 2.9.

Mwongozaji filamu Francis Ford Coppola, aliyetoa filamu kuhusu maisha ya Tucker mnamo 1988, ni miongoni mwa waliopata kumiliki gari hilo. Babake, Carmine, alikuwa amenunua hisa za kampuni hiyo na kuagiza gari lake. Halikuwahi kumfikia.